Popo Waliozaa Kanisani

Yala,
2 Juni 1957

Lazarus, mtoto wa mama yangu,

Huku tupo na tunakusalimu. Mvua ilichukua daraja, ikatuachia mahindi. Mama anakohoa asubuhi, jioni anagombana na kila mtu, kwa hiyo ni mzima. Tangu Pasaka nimezalisha watoto kumi na mmoja, na wote walilia vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Philister ataolewa Jumamosi tarehe 14 Desemba, huko huko Nairobi. Najua unataka kusema binti huolewa nyumbani. Usiseme. Huyu Were wake ni fundi wa kushona turubai za malori, na tajiri wake amempa ruhusa ya siku moja tu. Tena nimeshawaambia akina mama wa kanisa hapa kwamba kutakuwa na motokaa na picha. Mke wa karani wa stesheni alichekea puani. Lazima hiyo picha ifike Yala.

Lakini Philister ameniandikia kwamba kanisa lenu la hapo Dagoretti Corner lina popo darini, na wanawanyea waumini katikati ya sala. Akaongeza kwamba wewe, mjomba wake, siku ya Jumapili unawatazama hao popo kuliko unavyomtazama mhubiri.

Uwatoe. Una miezi sita. Mwanangu hataingia kanisani mweupe atoke na madoadoa kama kanga.

Ni mimi dada yako,
Peres


Hurlingham,
23 Juni 1957

Dada Peres,

Barua yako ilifika imefunguka upande mmoja. Sijui kama ni mkono wa posta au ni maneno yenyewe yalikuwa yakisukumana kutoka. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio ya memsahib. Memsahib naye hajambo. Ameongeza mbwa wa tatu, na mimi mpishi nimeambiwa kwamba huyu hapendi ini.

Furaha ya harusi nimeipokea. Sasa nikueleze kanisa letu, kwa kuwa hujaliona. Juu ni mabati, pembeni ni mbao, katikati ni sisi. Dari hakuna, ukiinua macho unaona kenchi, na kwenye kenchi ndipo popo wanapolala mchana. Ni wadogo, hawazidi kidole gumba, na nyuso zao ni kama za watu walioamshwa mapema. Benchi lililo chini ya kundi kubwa huwa tunawaachia wageni, maana wenyeji wote tunajua.

Kabla ya kumtoa mtu ni vizuri kumhesabu. Basi Jumapili iliyopita nilikaa nje juu ya debe, jua linazama, mfuko wa kulia nimetia maharagwe. Wakitoka popo kumi nahamisha punje moja kwenda mfuko wa kushoto. Nilihamisha punje ishirini na moja. Wanatoka kwenye mwanya wa upenuni mmoja mmoja bila kusukumana, wanazunguka machimbo ya mawe yenye maji, kisha wanaelekea Mutuini. Nimekaa Nairobi miaka kumi na minne na sijaona foleni nyingine kama hiyo.

Mzee wa kanisa letu, Zedekiah, alinikuta pale. Ana upara, na popo wanaujua.

"Lazaro, hii kitu ni panya ama ni ndege?"

"Si panya na si ndege, mzee."

"Basi ni ya shetani."

"Inanyonyesha, mzee."

"Hata shetani iko na mama."

Nikabeba debe langu nikaondoka. Nitawatoa, dada. Nipe nafasi nitafute njia.

Ndugu yako,
Lazarus


Hurlingham,
28 Julai 1957

Dada Peres,

Baridi ya huku mwaka huu imeingia mpaka ndani ya sufuria. Goti halisemi kitu, limeganda.

Barua hii ni fupi kwa kuwa habari ni moja. Popo hawapo. Jana nimekaa kwenye debe mpaka giza likaingia, na maharagwe yote yamebaki mfuko wa kulia. Sitaki kujisifu. Wala usiniulize nilifanyaje.

Lazarus


Yala,
13 Agosti 1957

Lazarus ndugu yangu kipenzi,

Mama anakusalimu na amekusamehe yale ya mwaka juzi, ingawa anasema hayakumbuki.

Barua yako niliisoma mbele ya akina mama baada ya ibada, wakapiga vigelegele. Mke wa karani aliniuliza ulitumia dawa gani. Nikamwambia: akili. Sasa huku unaitwa Lazarus Mfukuza Popo, na kuna mtu wa huku Gem anauliza kama unashughulika na mchwa pia.

Sikujua una nguvu hizo. Tangu utoto wako nilikuwa nikikuona kama mtu wa kutazama tu. Nisamehe. Sasa tafuta motokaa nyeusi, na dereva asiwe wa kutafuna kitu.

Dada yako anayejivuna,
Peres


Hurlingham,
15 Septemba 1957

Dada mpendwa,

Natumaini nyote mnalala na kuamka. Mimi nalala. Waridi za memsahib zimechanua mpaka wageni wake wanasimamisha magari. Wananiuliza ni mbolea gani. Nawaambia ni ya kanisani, wanacheka, wanafikiri nimefanya mzaha.

Motokaa nimeipata. Dereva hatafuni, ila anapiga mluzi. Nitaongea naye.

Acha nikueleze ibada ya mwisho wa mwezi wa nane. Baridi iliisha, jua likapiga yale machimbo, mbu wakaamka wote siku moja. Kanisa likajaa mbu kuliko watu. Mhubiri yuko katikati ya habari za Yona, mbu akatua shavuni, naye akajipiga kofi, paa! Benchi la mbele wakadhani ni sehemu ya mahubiri, wakajipiga nao. Benchi la pili wakaona wasibaki nyuma. Kufika Yona anatapikwa, kanisa zima linajichapa. Mgeni mmoja kutoka Ukambani, Bwana Muthama, aliniambia mlangoni kwamba ameyaona makanisa mengi lakini toba ya namna hii hajaiona.

Miaka yote sikuwahi kuona mbu kanisani, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Nilikaa kwenye debe langu jioni ile, mbingu tupu, nikajikuna mpaka mikono ikachoka. Sikujua kama mtu anaweza kukumbuka wanyama wanaomnyea.

Salamu kwa mama. Lile jambo la paa, hali ni ya kawaida.

Lazarus


Yala,
9 Oktoba 1957

Lazarus,

Sisi wazima.

"Hali ya kawaida" ni nini? Kanisa lenu hali yake ya kawaida ni popo! Nimemwandikia Philister, na amenijibu kwa barua ya kurasa nne. Kumbe walikimbia baridi wenyewe, kama wazungu wanavyokwenda Mombasa, na wewe ukaketi juu ya debe ukajivika taji. Kumbe wamerudi tangu tarehe saba ya mwezi wa tisa, na ulipoandika habari za mbu na Yona walikuwa wamekwisha kulala kwenye kenchi siku nane. Anasema uliwapungia mkono.

Mimi nimesimama mbele ya akina mama nikakuita mtu mwenye akili. Yule wa Gem wa mchwa ameshakuja hapa mara mbili.

Nimemaliza na wewe katika jambo hili. Nimemwandikia Mzee Zedekiah mwenyewe. Amenijibu upesi, kwa mwandiko mzuri, kwamba anao unga wa salfa. Ukiumwagia juu ya makaa, moshi wake hakuna kiumbe anayeuvumilia. Tutafukiza siku moja kabla ya harusi, wasipate muda wa kurudi.

Wewe shughulika na dereva na mluzi wake.

Peres


Hurlingham,
3 Novemba 1957

Dada Peres,

Nimeikalia barua yako wiki tatu. Mara mbili nilianza kujibu nikaishia kuandika habari za mbwa, nikachana.

Ni kweli yote. Niliwapungia mkono. Nilikosea kujipa sifa ya baridi, na mtu wa Gem mwambie nimehamishwa.

Sasa nisomee hii mpaka mwisho, hata ukiwa umesimama. Memsahib ana kitabu kikubwa cha wanyama, anakitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Nikifuta vumbi nakisoma pale pale chini. Kinasema popo huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Panya angekuwa ameshajaza kanisa na shule. Huyu ni mmoja, basi. Nilidhani kitabu kimekosea, nikapanda ngazi nikaangalia. Waliorudi mwezi wa tisa karibu wote ni majike, na matumbo yao, dada, wewe ungeyajua kwa kutazama tu. Wengine wameanza kuzaa. Watoto hawana manyoya, wamejibandika kifuani kwa mama zao kama vifungo vya koti.

Ukifukiza Desemba, wale mama wenye nguvu watatoka. Watoto hawawezi kuruka. Watabaki kwenye kenchi mpaka waanguke mmoja mmoja juu ya mabenchi, karibu mia mbili, na mama zao nje wanazunguka wakiwaita. Hiyo ndiyo itakuwa harusi.

Kwetu mwanamke akijifungua mvulana anakaa ndani siku nne, msichana siku tatu, na hakuna mwanamume wa kumgusa wala kumhamisha. Wewe ndiye unayelinda mlango. Nimekuona ukimrudisha chifu.

Naomba mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Watoto watakuwa wanaruka. Nitaziba ile mianya mwenyewe, jioni, wote wakiwa nje, nikiwa nimehesabu. Nimeshapasua masanduku ya chai nawajengea vibanda kwenye mikaratusi kando ya machimbo, waendelee na mbu wao.

Sikuombi kitu kingine, hata kipande cha keki.

Lazarus


Yala,
24 Novemba 1957

Lazarus,

Mama anaumwa jino na nyumba nzima inaumwa naye.

Usinifundishe uzazi. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na mmoja. Wazazi ninaowazalisha wana majina, wana waume wa kusumbua, na wakishajifungua wananiletea kuku. Popo ataniletea nini? Na chifu nilimrudisha kwa sababu alikuwa na viatu vichafu.

Harusi haingoji mtoto wa popo aote manyoya. Nitafika kwa treni Alhamisi tarehe 12. Ijumaa saa nne mimi na Mzee Zedekiah tutafukiza. Nitapanda ngazi mwenyewe nihakikishe salfa inafika kila pembe, maana mwanamume ukimpa moshi anajifukiza mwenyewe.

Wewe kaa jikoni kwako Hurlingham. Usije na maharagwe yako.

Peres


Hurlingham,
5 Januari 1958

Dada Peres,

Heri ya mwaka mpya. Natumaini treni haikukutikisa sana na jino la mama limetoka. Philister na Were wamehamia chumba chao, na jirani zao wanasema wanacheka sana, jambo ambalo linaanza kuwakera.

Uliondoka Jumatatu na hukuniambia kitu. Pale stesheni nilikuuliza habari ya Ijumaa, ukaniuliza kama nimekula. Nikakuuliza tena, ukasema treni hiyo. Treni ilikuwa bado nusu saa.

Basi nikueleze upande wangu, na wewe unieleze wako. Ijumaa ile memsahib alikuwa na wageni kumi na wawili. Saa nne ilipogonga nilikuwa nakoroga pudini, na masikio yangu yako Dagoretti Corner. Nilitia chumvi mahali pa sukari. Wageni walikula wakasifu. Wazungu wana adabu ya ajabu.

Jumamosi nilitoka alfajiri na gunia na jembe. Nilikuwa nimeamua kuwazika kabla waalikwa hawajafika, ili Philister asione. Njia nzima nilinusa, sikusikia harufu ya salfa. Nikamkuta Mzee Zedekiah amekaa kwenye kiti mlangoni, karai tupu mapajani, kofia mkononi.

"Wanaume hapana ingia."

"Mzee, mimi ni mjomba wa bibi harusi."

"Na mimi ni mzee ya kanisa. Unaona niko wapi?"

"Wamekufa wote?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Punguza sauti," akasema. "Iko watu wanalala."

Saa tatu akina mama wakafungua mlango. Niliingia nikainua macho, na juu yetu palikuwa na turubai la lori, la kijani, limefungwa kenchi kwa kenchi kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Mshono ni wa Were, ningeujua popote. Na nyuma ya turubai nikasikia ile milio yao midogo. Nilijifanya nafunga kiatu. Ilinichukua muda kukifunga.

Harusi uliiona mwenyewe. Sijui kama kutoka benchi la mbele ulisikia, walipofika kwenye viapo, mavi yakaanza kudondokea turubai, ta, ta, ta, taratibu, na mchungaji akasimama akamshukuru Mungu kwa mvua ya baraka. Kanisa zima likasema amina. Nje jua lilikuwa linapasua mawe.

Picha mbili nimekutumia, ya motokaa na ya ndani ya kanisa. Ninasikitika kwamba turubai lilikuwa na maandishi, na maandishi yameangukia juu ya kichwa cha Philister hasa. TANI SABA. Mpiga picha anasema hayafutiki.

Popo mia mbili na kumi wanatoka kila jioni, na watoto wameanza kujaribu mabawa. Juzi mmoja aliruka kutoka kenchi akaangukia turubai, akadunda, akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona, akatambaa kurudi juu. Nami nimebaki na swali. Umefanya nini Ijumaa? Zedekiah hasemi. Nilipomwambia tarehe ya kuziba mianya alikataa katakata: "Ngoja Mama Peres." Siku hizi akipita kwenye mlango wa kanisa, hata katikati ya wiki, anavua kofia.

Ndugu yako,
Lazarus


Yala,
26 Januari 1958

Lazarus mtoto wa mama yangu,

Jino limetoka. Mama amelifunga kwenye leso na anamwonyesha kila mgeni. Mahindi tumevuna.

Picha zimefika, na motokaa imeonekana vizuri. Mke wa karani aliishika ile ya kanisani karibu na pua akasoma TANI SABA, akauliza ndiyo nini. Nikamwambia ni uzito wa baraka. Hajanisumbua tena.

Ya Ijumaa sikutaka kuyaandika, maana wewe ukishajua jambo unatembea nalo kama medali. Lakini naona hutaacha kuuliza, na stempu ni zako.

Saa nne tulikuwa tayari. Zedekiah ana makaa kwenye debe, ana salfa kwenye karatasi, amefunga kitambaa puani kama mwizi wa kuku. Nikamwambia asimwage mpaka nimepanda nione pembe ziko wapi. Nikapanda. Ngazi ile ni mbovu, uiangalie.

Kichwa changu kilipofika kwenye kenchi, nikakuta mbele ya uso wangu, karibu kama hii karatasi, mmoja ana uchungu. Wenzake wote walikuwa wameshazaa zamani. Huyu ndiye wa mwisho. Siwezi kukosea, hata mnyama anapumua vile vile. Alikuwa amegeuka, kichwa juu, ameshika mti kwa vidole vyake vya mabawa, na ile ngozi ya katikati ya miguu ameikunja kama kapu. Nikasema mtoto ataanguka. Nikanyoosha mikono yangu miwili chini yake. Sikuamua, Lazarus. Mikono ilikwenda yenyewe.

Hakuihitaji. Alimdaka mtoto wake mwenyewe kwenye lile kapu, akamlamba, akamweka kifuani, kisha akanitazama nikiwa bado nimenyoosha mikono kama mtu anayeomba unga. Nimedaka watoto miaka thelathini na mmoja, na hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kunifanya nionekane sina kazi.

Nikamwambia Zedekiah zima hayo makaa. Akasema, "Mama, iko nini?" Nikasema kuna mtu amejifungua, lete karai la maji ya moto. Akakimbia. Aliporudi akauliza maji ni ya nini. Nikamwambia ni ya kushika. Asimame nayo nje. Mwanamume kwenye uzazi ni lazima apewe kitu cha kushika, la sivyo atatoa mashauri. Alisimama nayo mpaka yakapoa. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini sana, kama ni wa kiume ama wa kike.

Were nilimwita mimi, jioni akitoka kazini, nikamruhusu yeye peke yake aingie, na turubai nilichagua mimi. Yale maandishi yalikuwa upande wa juu. Yeye ndiye aliyeligeuza.

Sasa sikiliza vizuri, na umsomee Zedekiah. Mzazi hutoka uzazini akiruhusiwa na mkunga wake, si na kalenda ya mpishi. Kabla sijaondoka nilimwambia mzee kwamba asiguswe mtu yeyote pale juu, wala mwanya usizibwe, mpaka nirudi niwakague mwenyewe mmoja mmoja. Aliahidi, mkono juu ya Biblia.

Sikumwambia narudi lini.

Dada yako,
Peres